JINA KATIKA KITABU: HISTORIA YA AKIBA YA UZEENI KATIKA KENYA



Katika taarifa ya mwaka msomaji huzoea kukuta hesabu ya fedha za chama, idadi ya wenzetu waliofariki, na michango iliyotolewa kwa wafiwa na wagonjwa. Hesabu hizo ni za lazima, wala hakuna chama kinachoweza kuishi bila hizo. Walakini nyuma yake kuna swali ambalo tarakimu peke yake haziwezi kulijibu. Kwa nini mtu aliyefanya kazi miaka 30, wala hakuwa mlevi wala mvivu, huacha kazi akiwa hana kitu cha kumtunza miaka iliyobaki? Kwa nini mjane wake huzunguka kutoka ofisi hii hadi ile akitafuta fedha ambazo mumewe alikatwa kila mwezi?

Wako wasemao kwamba ni ujinga wa mtu mwenyewe, na wako wasemao kwamba ni kudura. Mimi nimeona vema kuitazama historia. Katika historia hiyo twaona mambo mawili. La kwanza, mshahara wa mfanyakazi Mwafrika ulipangwa tangu mwanzo bila kutiwa uzee ndani yake, ilhali kodi ilihesabiwa tangu siku ya kwanza. La pili, kila mara fedha ya uzee ilipopatikana, aliyeipokea ni yule ambaye jina lake, tarehe zake na warithi wake walikuwa wameandikwa sawasawa. Kama hatukuyafahamu mambo haya mawili, mashauri yote ya kuweka akiba yatakuwa maneno matupu.

UZEE KABLA YA MSHAHARA

Wazee wetu hawakuwa na benki, lakini hawakuwa watu wasiojua akiba. Uzee wa mtu ulikaa katika ardhi yake, katika wanawe, na katika mifugo yake. Katika makabila mengi ya nchi hii mwenye ng'ombe hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa mbali, nao wakanywa maziwa na kuchunga, ili maradhi ama ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili ubaki na kitu. Hapakuwa na hati, lakini palikuwa na mashahidi, na kila ng'ombe alijulikana ametoka wapi na ndama wake ni wa nani. Mtu akifa, mashahidi waliwaambia watoto mali iko wapi.

Tuyaweke akilini mambo matatu ya utaratibu huo: akiba iligawanywa mahali pengi, haikuliwa ovyo, na watu wengine zaidi ya mwenyewe walijua ilipo. Tutayakuta tena mbele.

KODI ILITANGULIA

Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwaka wa 1901, Serikali ya Kiingereza ilihitaji fedha za kuiendesha nchi. Mwaka huo huo zilitolewa kanuni za kodi ya nyumba. Kila kibanda kilitozwa rupia, na baada ya muda mfupi kiwango kikafika rupia 3. Mwenye wake wengi alilipa kwa kila nyumba. Mwaka wa 1910 ikaja sheria iliyoongeza kodi ya kichwa, yaani kijana asiye na nyumba yake naye akatakiwa kulipa.

Kodi hii haikupokelewa kwa ahadi ya mavuno yajayo. Ilitakiwa fedha taslimu, na kwa mtu asiyekuwa na mazao ya kuuza fedha hiyo ilipatikana kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, relini, ama mjini. Basi kwa wengi mshahara wa kwanza ulitafutwa kwa ajili ya kodi. Mtu alitoka nyumbani miezi kadhaa, akapata fedha ya kodi na kidogo cha nguo, akarudi. Hakuna aliyefikiri, si mwajiri wala mwajiriwa, kwamba mshahara ule ungemlisha mtu huyo akifika miaka 60.

Kufika mwaka wa 1921 kodi ilikuwa imepanda hadi shilingi 16, na mwaka huo huo walowezi wakapatana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Ndipo Harry Thuku, aliyekuwa mpiga simu katika Hazina ya Serikali mjini Nairobi, alipowakusanya watu walalamike juu ya kodi, kipande na mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokuja kudai afunguliwe wakapigwa risasi. Upande wa Nyanza, mkutano wa Lundha wa Desemba 1921 ulikuwa umekwisha kuomba kodi ipunguzwe na wanawake wasitozwe. Mwaka wa 1922 kodi ikashushwa kuwa shilingi 12.

Mwaka wa 1923 chama kilichotokana na mkutano wa Lundha kikageuzwa, chini ya uongozi wa Archdeacon Owen, kikaitwa chama cha walipa kodi wa Kavirondo na ustawi wao. Ndani ya jina hilo maneno mawili, kodi na ustawi, yaliwekwa pamoja. Watu wale walifahamu kwamba mtu akitoa kwa mkono mmoja, ana haki ya kuuliza mkono wa pili utapokea nini.

WAPAGAZI WASIOANDIKWA

Vita vya 1914 hadi 1918 vilileta fundisho chungu kuliko kodi. Kwa sheria ya mwaka wa 1915 wanaume walichukuliwa kwa nguvu wakawe wapagazi wa jeshi lililopigana na Wajerumani upande wa kusini. Hao ndio waliokiachia mtaa wa Kariokor jina lake hapa Nairobi, na mtaa wa Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi zaidi waliuawa na kuhara, homa na njaa kuliko risasi.

Wapagazi hao walikuwa na mishahara. Waliokufa walikuwa wanadai miezi yao ya kazi. Lakini wengi waliandikwa kwa haraka, majina yakaandikwa vibaya, kijiji hakikutajwa, na mrithi hakujulikana. Vita vilipokwisha, fedha za marehemu ambao jamaa zao hawakupatikana zilikuwa nyingi, na ofisi za Nairobi na London zikabishana miaka mingi juu yake. Jamaa wengi hawakuzipata kamwe. Sanamu za askari na mpagazi zimesimama hata leo katika Barabara ya Kenyatta, lakini hazina majina ya watu wale. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao kama wenzao wa Kizungu.

Nawaomba wanachama mlizingatie jambo hili. Kazi ilifanywa, mshahara ulistahili, na fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni mstari mmoja katika kitabu: huyu ni nani, ametoka wapi, na akifa fedha yake apewe nani.

KIPANDE NA KITABU CHA POSTA

Vita vilipokwisha Serikali ilionyesha kwamba inaweza kuandika watu ikitaka. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, tarehe ya kuingia kazini na ya kutoka, na mshahara wake. Kipande kilimfuata mtu miaka na miaka, na asiyekuwa nacho alishitakiwa. Basi daftari la kazi ya mtu lilikuwapo. Lingaliweza kuwa msingi wa hesabu ya uzee wake, lakini kazi yake ilikuwa kumzuia asitoroke kwa mwajiri.

Kitabu cha namna nyingine kilikuwapo pia. Benki ya Akiba ya Posta ilianzishwa mwaka wa 1910, mwaka ule ule wa kodi ya kichwa. Mtu aliyejua kusoma aliweza kuweka shilingi zake akapewa kitabu chenye jina lake, na faida ikaongezwa. Walioitumia zaidi mwanzoni ni makarani, walimu, askari polisi na watu wa misheni. Hapo ndipo desturi ya kuweka akiba kwa karatasi ilipoota mizizi kati yetu. Walakini akiba hutoka katika ziada, na mshahara usiotosha mwezi mmoja hauwezi kuzaa ziada ya miaka 20.

MSHAHARA WA MSEJA

Kwa muda mrefu mshahara wa mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto pamoja naye. Ilidhaniwa kwamba mke yuko shambani, shamba ndilo linalowalisha watoto, na mtu akizeeka shamba litamlisha na yeye. Hivyo mwanamke aliyelima nyumbani alikuwa akilipa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa, naye hakupata shukrani wala senti.

Mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947 ulionyesha kwamba mpango huo umechakaa. Ardhi ilikuwa imekuwa haba, na wengi walikuwa wamekaa mjini miaka mingi. Mwaka wa 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Carpenter, ilishauri kwamba mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye jamaa, na kwamba mfanyakazi apewe nyumba na usalama wa uzee wake ili atulie kazini. Hili lilikuwa neno kubwa, kwa kuwa uzee wa mfanyakazi uliingizwa katika hesabu ya ujira, ingawa ni katika karatasi tu.

Kwa watumishi wa Serikali mambo yalikuwa na daraja za rangi. Tume ya Holmes ya 1948 ilipanga kwamba asiye Mzungu apate tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, na mpango huo ukaondolewa kwa ushauri wa tume ya Lidbury mwaka wa 1954. Pensheni huhesabiwa kwa mshahara, kwa hiyo aliyepunjwa kazini alipunjwa tena uzeeni.

VYAMA VYA KUSAIDIANA

Palipokosekana mpango wa Serikali, watu walijitengenezea wao wenyewe. Katika miji mikubwa vyama vya makabila na vya wilaya vilichanga fedha za kusafirisha maiti, kumtibu mgonjwa, na kumrudisha nyumbani mzee aliyekosa kazi. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, aliongoza kuundwa kwa shirika la akiba na biashara la Waluo lililoandikishwa mwaka wa 1947, ambalo wanachama walinunua hisa zake kidogo kidogo. Na sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka wa 1945 iliwafungulia wakulima Waafrika njia ya kuuza mazao yao pamoja na kuweka fedha pamoja.

Chama chetu ni mtoto wa ukoo huo, na hatuna budi kuusema uwezo wake na mwisho wa uwezo wake. Mchango wa chama humsaidia mtu siku ya msiba. Hauwezi kumlipa mtu kila mwezi kwa miaka 20 ya uzee, kwa sababu haukukusanywa kwa kazi hiyo. Mwanachama anayehesabu kwamba chama kitamtunza akistaafu anakibebesha mzigo ambao vitabu vyetu haviwezi kuubeba.

BAADA YA UHURU

Mwaka wa 1965 Bunge lilitunga sheria ya Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, ambayo wengi huijua kwa herufi N.S.S.F. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kampuni, si mtumishi wa Serikali tu, alipata namba yake, na mwajiri akalazimishwa kuchanga sawa na yeye. Hazina hiyo ilikuwa idara ya Wizara ya Kazi hadi mwaka wa 1987, ilipogeuzwa kuwa shirika lenye wadhamini wake.

Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba mchango uliwekewa kikomo cha shilingi, na kikomo hakikupanda pamoja na mishahara. Kuanzia 2001 kwa zaidi ya miaka 20 aliyelipwa shilingi 20,000 na aliyelipwa 200,000 wote walikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi, na mwajiri 200. Kasoro ya pili ni kwamba mtu alipewa fedha zake zote kwa mara moja. Fedha iliyopokewa kwa mara moja huvuta shemeji, huvuta wakwe, huvuta gari kuukuu na duka lisilo na wateja, na kabla ya mwaka kwisha imekwisha.

Juu ya hayo kulikuwa na adui asiyeonekana, yaani kupanda kwa bei. Mwaka wa 1993 bei za vitu katika Kenya zilipanda kwa asilimia 46 hivi. Aliyekuwa na shilingi 100 katika kitabu chenye faida ndogo aliona kitabu hakikupungua hata senti, lakini unga aliotaka kuununua ulikuwa umemkimbia.

Sheria mpya ya mwaka wa 2013 ilikusudia kutibu kasoro hizo. Ilisema mfanyakazi achange asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 6, kwa kiwango kinachopanda hatua kwa hatua, na malipo yawe ya kila mwezi. Ilipingwa mahakamani, ikakaa miaka mingi bila kutumika, na makato yake yakaanza Februari 2023. Mwaka huo mchango mkubwa kabisa ulikuwa shilingi 1,080 kwa mfanyakazi; Februari 2024 ukawa 2,160; Februari 2025 ukawa 4,320. Mwajiri huweka kiasi hicho hicho. Wengi wamenung'unika kwa kuona mshahara umepungua mkononi. Manung'uniko hayo yana haki yake, kwa kuwa makato ni mengi siku hizi. Lakini tusisahau kwamba kila shilingi inayokatwa kwa ajili hii hufuatwa na shilingi ya mwajiri, na jambo hilo halimo katika kodi.

Kwa mifuko ya makampuni, sheria ya mwaka wa 1997 iliunda Mamlaka ya kusimamia Malipo ya Uzeeni. Tangu hapo mfuko hauna ruhusa ya kukaa mfukoni mwa mwajiri. Lazima uwe na wadhamini, na mwanachama ana haki ya kupewa kila mwaka hati ya kumwonyesha akiba yake imefika wapi. Kwa mafundi wa jua kali na wafanyabiashara wadogo ulizinduliwa mwaka wa 2011 mpango wa Mbao, wa kuweka shilingi 20 kwa siku. Shilingi 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka, na haba na haba hujaza kibaba. Tena kuanzia mwaka wa 2018 Serikali iliwafungulia wazee wote wa miaka 70 na zaidi, wasio na pensheni, mlango wa posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa kushukuriwa, lakini hakuna awezaye kuishi kwa huo peke yake.

PENSHENI YA MTUMISHI WA SERIKALI

Wanachama wengi huuliza jinsi pensheni ya zamani ya Serikali inavyohesabiwa. Kila mwezi kamili wa kazi ulihesabiwa kuwa sehemu 1 kwa 480 ya mshahara wa mwisho. Tuseme mtu amefanya kazi miaka 30, ndiyo miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ni shilingi 480,000 kwa mwaka. Pensheni yake ni 360,000 kwa mwaka. Akichagua kuchukua robo kwa mkupuo, robo hiyo ni 90,000, nayo huzidishwa mara 20, akapata kiinua mgongo cha shilingi 1,800,000. Baada ya hapo hupokea 270,000 kwa mwaka, yaani 22,500 kwa mwezi.

Katika hesabu hii kila mwezi una thamani, na ndiyo sababu tarehe ya kuandikwa kazini lazima iwe sahihi katika faili. Barua ya kuthibitishwa kazini ikipotea, miezi nayo hupotea.

Mwaka wa 2009 umri wa kustaafu uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 watumishi walio chini ya miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya ambao wao wenyewe huchanga, kwanza asilimia 2, mwaka wa pili 5, na kuanzia wa tatu 7.5, na Serikali huchanga 15. Kijana wa mpango huu asidhani kwamba hesabu ya baba yake ndiyo yake. Uzee wake utategemea kiasi kilichowekwa na faida iliyopatikana.

BIMA

Bima ya maisha humlipa mrithi mtu akifa mapema, na nyingine humlipa mwenyewe akifika mwisho wa muda uliopatanwa. Ni chombo kizuri kwa mwenye watoto wadogo, lakini hutaka uvumilivu. Anayekatisha katika miaka ya mwanzo hurudishiwa kidogo sana ama hapati kitu, kwa kuwa malipo ya mwanzo yamekwisha kuliwa na gharama. Kwa hiyo mtu asitie sahihi kwa kumwonea haya wakala aliye ndugu yake. Aulize kwanza: nikishindwa kulipa mwaka wa tatu, nitapata nini?

Vilevile kampuni yaweza kuanguka. Shirika la Kenya National Assurance lilikuwa la Serikali, na watu wengi waliamini kwamba mali ya Serikali haifilisiki. Mwaka wa 1996 likafungwa na kuwekwa chini ya mfilisi, na waliokuwa na bima humo wakabaki kungoja. Hapa twarudi kwa mwenye ng'ombe wa zamani: asiweke kundi lote katika zizi moja, hata zizi likiwa na mlango wa chuma.

Ugonjwa nao hula akiba ya uzee haraka kuliko kitu kingine. Hazina ya hospitali iliyoundwa mwaka wa 1966 iliondolewa, na Oktoba 2024 ukaanza mpango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambao mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Anayestaafu asiache kuandikishwa kwa kudhani kwamba kazi ikiisha na maradhi huisha.

KODI NA AKIBA

Kodi ya mapato ilijaribiwa katika nchi hii mwanzoni mwa miaka ya 1920, walowezi wakaipinga, ikaondolewa mwaka wa 1922, wakati ambapo kodi ya nyumba ya Mwafrika iliendelea. Ilirudishwa mwaka wa 1937. Siku hizi kila mwenye mshahara huijua, maana hukatwa kabla fedha haijafika mkononi.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba sheria humpunguzia kodi mwenye kuweka akiba ya uzeeni katika mfuko ulioandikishwa. Kiasi anachochanga hutolewa kwanza katika mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa. Kikomo chake kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwishoni mwa Desemba 2024 kikapandishwa kuwa 30,000. Kwa mfano, anayetozwa asilimia 30 akiweka shilingi 1,000 katika mfuko kama huo, mshahara wake mkononi hupungua kwa 700 tu, kwa kuwa 300 zingalikwenda katika kodi. Babu zetu walitoka nyumbani kutafuta fedha ya kodi. Leo sheria yenyewe yatuonyesha mlango wa kuipunguza kwa haki, nasi twapita mbele yake bila kubisha hodi.

MASHAURI KWA WANACHAMA

Kutokana na historia hii natoa mashauri machache.

1. Anza mapema. Shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, katika miaka 15 hufika 346,000 hivi. Katika miaka 30 hufika 1,490,000 hivi. Umeweka mara mbili tu, lakini umevuna zaidi ya mara nne, kwa sababu faida nayo huzaa faida.

2. Ukibadilisha kazi, usile akiba ya uzeeni. Ihamishe katika mfuko mpya. Mwenye kula mbegu kila masika asilaumu shamba.

3. Dai hati yako kila mwaka na uilinganishe na makato yaliyo katika karatasi ya mshahara. Wako waajiri wanaokata na wasipeleke. Kosa la mwaka mmoja hurekebishwa kwa barua. Kosa la miaka 20 laweza kukosa hata shahidi.

4. Hakikisha jina lako ni moja katika kitambulisho, kazini, benki, na katika mfuko. Aliyeandikwa kwa jina la ubatizo hapa na jina la baba pale amejiwekea kesi ya siku za usoni.

5. Andika warithi wako, nawe uwaandike upya ukioa, ukiolewa, ukizaa ama ukifiwa. Tena umwonyeshe mkeo au mumeo karatasi zilipo. Siri ya fedha kati ya mtu na mwenzake humfaidi mgeni.

6. Kabla ya kupokea kiinua mgongo, kaa na jamaa yako mwandike kila senti itakwenda wapi. Biashara ambayo hukuijaribu ulipokuwa na mshahara, usiijaribu kwa mara ya kwanza kwa fedha za uzee.

MWISHO

Mwaka wa 2011 Bunge lilitunga sheria juu ya mali ya kifedha isiyodaiwa, na Mamlaka ikaundwa ya kuitunza. Humo huingia fedha za benki, mishahara, bima na hisa ambazo wenyewe wamekufa ama hawajulikani walipo. Mjane ama yatima anaweza kuuliza huko kama jina la marehemu limo, naye akiwa na karatasi za kuthibitisha, apewe haki yake. Wapagazi wa 1917 hawakuwa na ofisi ya kuwatunzia hata hicho. Lakini ofisi haiwezi kumtafuta mrithi ambaye marehemu hakumtaja.

Kwa hiyo Halmashauri imekubali kwamba katika mwaka ujao kila mwanachama ajaze kadi moja itakayowekwa katika sanduku la chama chini ya kufuli mbili: jina kamili, namba ya N.S.S.F., mfuko wa kazini, bima, benki, na jina la mrithi. Kiasi cha fedha hakitaandikwa, kwa kuwa hilo ni la mtu na nyumba yake. Karani wa chama atakuwa ofisini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuwasaidia wasiojua kuandika, na kadi ni bure.